Jina la Mkwe Juu ya Mlima

Msitu uliwatema bila kuwaaga. Tangu asubuhi walikuwa wakipanda chini ya miti yenye ndevu za kijani, wameshika mizizi kama vipago vya ngazi, jasho na umande vikigombania migongo yao; halafu ghafla miti ikaisha. Mbele palikuwa na uwanda wa nyasi ngumu, mawe meusi, na upepo uliokuja moja kwa moja bila kusalimia mtu.

Wapagazi wa pwani wakatua mizigo na kujikunyata.

"Hapa bado ni Uluguru," aliuliza mmoja wao, Mzaramo, akipuliza viganja, "au tumeshafika kwao Bwana Karatasi?"

Bwana Karatasi ndilo jina walilompa Mjerumani wao, Bwana Hartwig. Kazi yake ilikuwa kuchuma majani. Aliyalaza kati ya karatasi, akayabana kwa mbao na mikanda, na kila walipopiga kambi karatasi zilikauka motoni kwanza, ndipo watu wakauke. Mvua ilikuwa imewafuata tangu Matombo, kwa hiyo watu walikuwa hawajakauka.

Pazi, aliyekuwa akiwaongoza, hakujikunyata. Alisimama macho chini kama mtu aliyedondosha kitu. Hakuwa amedondosha chochote. Alikuwa anakwepa kutazama mbele, maana mbele, kuanzia kwenye mawe mpaka pale ukungu ulipofunga njia, kichaka kile kilikuwa kimechanua: matawi magumu yaliyopinda, majani membamba kama sindano, na maua madogo meupe, mengi mno, kana kwamba mtu amepita na ungo wa unga wa muhogo akajikwaa.

Bwana Karatasi alipiga ukelele wa furaha na kuvua kofia. Pazi akajua kinachofuata. Ataulizwa jina. Na jina la kichaka kile lilikuwa jina la mama mkwe wake.

Katika milima ile mwanamume haoi tu, anahamia. Shamba ni la ukoo wa mke, nyumba inajengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mke, watoto ni wa ukoo wa mke, na neno la mwisho ni la mjomba wa mke. Pazi alizaliwa bondeni, upande wa Matombo. Akiwa kijana alibeba udongo wa reli kule Kingolwira mpaka kikohozi kikamkatalia, na siku moja akiwa amekaa kando ya njia akamwona Pili anashuka na mkungu wa ndizi kichwani. Alimfuata akipanda. Alilima kwa wakwe misimu kadhaa kabla ya kuruhusiwa kukata nguzo ya kwanza ya nyumba yake mwenyewe. Sasa alikuwa na migomba, mbuzi wawili, na Pili mwenye tumbo lililokwisha kushuka.

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuzungumza na mama mkwe wake. Ndivyo heshima ilivyotaka. Wakikutana njiani, Pazi aliingia majanini na kugeuka mpaka mama mkwe apite. Jina lake hakulitamka kamwe, wala usingizini. Na kwa kuwa bibi huyo alirithi jina kutoka kwa bibi yake, na bibi yake alipewa la kichaka kile kwa kuzaliwa kinapochanua, basi mlimani pia Pazi alikuwa na neno la kuzungukia. Alikiita mkaabaridi. Wakwe wote wa kiume wa nyumba ile walikiita hivyo, na kila mtu alielewa.

Lakini kutozungumza si kutojuana. Mwaka ule Pazi alipolazwa na homa, kila jioni alisikia kucha zinakwaruza ukuta wa nyuma wa nyumba, mara moja, polepole. Pili alitoka na kurudi na chungu cha dawa bado kinafuka. Mpaka leo, chakula kutoka kwa mkwe kilitangazwa hivyo: mkwaruzo mmoja ukutani, na hatua zinazoondoka.

"Pazi!" aliita Mikidadi. "Njoo, Bwana anakuita."

Mikidadi alikuwa mkalimani, mtu wa Bagamoyo, mwenye kanzu iliyokuwa nyeupe walipoondoka Morogoro. Alijua Kijerumani, Kiarabu, Kihindi cha madukani, na lugha za bara za kutosha kuomba maji na kukataa kupigana. Kila mahali alipofika alishika maneno, akaondoka.

"Bwana anauliza, mti huu mnauitaje?"

"Mkaabaridi," alisema Pazi.

Bwana Karatasi aliandika, akatikisa kichwa, kisha akanyoosha kidole kuelekea kwa wapagazi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na kila mtu katika msafara aliijua: jina moja aliliuliza kwa vinywa vitatu, kila kinywa peke yake. Mikidadi alikuwa amewasimulia sababu njiani. Zamani kidogo, huko Usambara, kiongozi mmoja mtundu aliulizwa jina la ua, akamjibu kwa tusi la mama mkwe. Bwana akaliandika, likapigwa chapa kitabuni, kitabu kikasambaa, mpaka padri mmoja anayejua Kisambaa akalisoma mbele ya wageni mezani na kucheka hadi akashika meza. Tangu siku hiyo Bwana Karatasi alisikia kicheko hata pasipo na kicheko.

Aliyeitwa wa pili alikuwa Agustino, na Pazi alipomwona anainuka, akajua mambo yameharibika.

Agustino alitoka bonde la jirani. Ukoo wake na ukoo wa Pazi walikuwa watani tangu enzi za mababu: aliruhusiwa kumwambia Pazi lolote, kumnyang'anya kofia kilioni, kumtukana mbele za watu, na Pazi hakuruhusiwa kukasirika. Njia nzima alikuwa akimchokoza kuhusu safari hii.

Akasogezwa pembeni. Akaulizwa. Pazi alimwona anatazama kichaka, kisha anamtazama yeye, kisha mashavu yanaanza kumvimba. Agustino alijibu kweli. Alilitaja jina lile waziwazi. Lakini hakuweza kujizuia. Aliinama, akashika magoti, akacheka mpaka machozi.

"Mtani!" alipiga kelele. "Mkwe wako amechanua mlima mzima! Utapita wapi leo?"

Wapagazi wengine nao wakacheka, bila kujua wanacheka nini, kwa kuwa ni afadhali kucheka kuliko kutetemeka.

Bwana Karatasi hakucheka. Shingo yake ilipanda rangi. Alirudi kwa Pazi, na Mikidadi nyuma yake.

"Bwana anasema, wewe umetaja jina hili, mwenzako ametaja jingine. Mwenzako amesema—"

Mikidadi akalitamka. Pazi alikuwa ameshaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Hakuwaza, mikono ilikwenda yenyewe, kama inavyokwenda kwa mkwe yeyote wa milima ile. Ila Mjerumani aliona mtu anayeziba masikio asisikie neno, na mwingine anayegaagaa kwa kicheko baada ya kulisema, naye alikuwa ameshawahi kuona mambo hayo.

"Ni neno chafu?" aliuliza kupitia kwa Mikidadi.

"Si chafu."

"Ni la mti huu?"

"Ni la mti huu."

"Basi liseme."

"Siwezi, bwana."

"Kwa nini?"

Pazi alimtazama Mikidadi kwa macho ya kuomba. "Mwambie ni jina la mama mkwe wangu."

Mikidadi alimsogelea. "Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, "hakuna kingine? Sema ni jina la shetani, sema ni la mfu. La mkwe tena?"

"Ndiyo kweli yenyewe."

Mikidadi akatafsiri. Bwana Karatasi aliposikia neno mkwe, alifunga daftari kwa kishindo. Alisema maneno machache bila kupandisha sauti, na mmoja wa askari wawili wa msafara, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku, akasimama na kujifunga mkanda.

"Anasema amelisikia la mkwe mara moja, linamtosha," alisema Mikidadi. "Anasema jina angeweza kulipata kwa yeyote, ila dharau ya kiongozi wake hataibeba mara ya pili. Ulitaje hapa, mbele ya watu wote, au jioni tukifika kijijini ulale chini. Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano." Akaongeza, akitazama pembeni: "Na wallahi si kitu kwake, Pazi. Jina kubwa litakuwa la Kilatini, la mwalimu wake wa zamani. La kwenu linakaa chini, kwa herufi za siafu. Liteme tu, limwondoke."

Pazi hakulitema.

Walishuka upande wa pili, kwenye utelezi, na Pazi mbele kwa sababu hakuna mwingine aliyejua njia. Alikuwa akiwaongoza kuelekea kipigo chake mwenyewe. Kiboko hakikumtisha sana. Reli ilishamfundisha kiboko. Alichokiogopa ni namna ya kupigwa. Mtu alilazwa kifudifudi, nguo ikashushwa. Na kijiji wanachoshukia kilikuwa kile cha wakwe zake, na askari walikuwa na tabia ya kuwatoa watu majumbani ili wajifunze. Mama mkwe akiuona uchi wa mkwe wake, ndoa imekufa. Hakuna fidia, hakuna mzee wa kuifufua. Na mkwe akilitamka jina la mama mkwe mbele za watu, imekufa vilevile. Kulia shimo, kushoto shimo, na katikati Pili na tumbo lake.

Mara mbili alifungua mdomo njiani. Watu walikuwa mbali na kijiji, pengine habari zisingefika. Mara mbili akaufunga. Agustino alikuwa nyuma, naye alikuwa amelisikia jina likikataliwa, habari zingefika.

Alipogeuka kumtazama mtani wake, Agustino hakuwapo. Mzigo wake ulikuwa kichwani kwa yule Mzaramo, juu ya mzigo wake mwenyewe, naye analalamika kwa Kizaramo.

"Amekwenda wapi?"

"Amesema tumbo linamsokota. Mimi ndio punda wake?"

Amekimbia, alifikiri Pazi. Ameniwashia moto kisha amekimbia moshi.

Walifika jua likiwa bado juu ya kilima. Mzee Mwinjuma, mjomba wa Pili na mkuu wa kijiji, alikuja na kuku wa mgeni chini ya kwapa, akiwa ameandaa salamu ndefu. Askari alimsukuma kando. "Waite watu. Wote. Wanawake pia."

"Kuna nini, bwana? Huyu ni mkwe wetu."

"Utasema ukiulizwa."

Watu walitoka mmoja mmoja. Wanawake walipoelewa waligeuza nyuso, baadhi wakajaribu kurudi ndani, na askari wa pili akawarudisha kwa kitako cha bunduki. Pili alikuwa mlangoni, mkono mmoja kiunoni. Pazi hakumtazama. Alikuwa akitafuta, kwa pembe ya jicho, nguo moja ya kaniki anayoijua kwa pindo lake, na hakuiona, akashukuru.

"Mara ya mwisho," alisema Mikidadi. "Litaje."

Pazi alilala chini mwenyewe. Udongo ulikuwa wa baridi na ulinuka maganda ya ndizi. Alisikia askari akitema mate mkononi. Akahisi vidole kwenye fundo la nguo yake.

"Ngojeni!"

Ilikuwa sauti ya Agustino, inahema vibaya, inatoka kule kwenye njia ya mtoni. Na nyuma ya Agustino, watu wakaanza kupisha.

Mama mkwe alikuja kinyumenyume. Alikuwa amejifunika kaniki kichwa chote, magoti yamelowa matope ya bustani ya mtoni, na alirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea uwanjani, mgongo wake ukiwa upande wa Pazi, huku Agustino akimshika kiwiko na kumwelekeza kama mtu anayepitisha kitanda mlangoni. Mtani ndiye anayeweza kwenda kwa mkwe na kusema yasiyosemeka. Agustino alikuwa amekwenda kuyasema.

Bibi alisimama. Pazi, shavu likiwa udongoni, aliona visigino vyake tu: vimepasuka, matope yamejaa kwenye nyufa. Alivifahamu kwa nyayo, hakuwahi kuviona.

"Mkalimani yuko wapi?"

"Nipo hapa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie bwana wako. Jina alilotajiwa na huyu kichaa Agustino ni la kweli, na ni langu. Mimi ndiye Mzelu. Alinipa bibi yangu, na kile kichaka cha juu kilimpa yeye. Huyo aliyelala ni mkwe wangu. Akilitaja jina langu, mimi nimeaibika. Akivuliwa nguo nami nipo, ameaibika yeye. Muulize anataka kurudi kwao na aibu ya nani."

Wanawake waliguna. Hakuna aliyewahi kumsikia akijitaja.

Mikidadi alitafsiri, na kwa mara ya kwanza katika safari ile hakupunguza wala kuongeza. Mjerumani alimtazama bibi aliyempa mgongo mkwe wake na kuelekeza uso kwenye ukuta wa nyumba, na mwenyewe hakujua atazame wapi. Alimtazama Agustino, ambaye hakuwa anacheka. Halafu akamwita Mzee Mwinjuma pembeni, mbali kabisa, akamuuliza jina la kichaka cheupe cha mlimani. Mzee akajibu. Vinywa vitatu.

Bwana Karatasi alisema neno moja, na vidole vikaondoka kwenye fundo la nguo.

Hakuomba radhi, labda hakujua ingeombwa kwa nani. Alimwambia Mikidadi amweleze bibi kwamba jina lake litaandikwa na litakwenda Ulaya.

"Alichukue," alisema bibi. "Alichukue lote, asiniachie nusu. Limepigiwa kelele mkwe wangu akiwa chini kama mbuzi wa kuchinjwa. Jina hilo silitaki tena nyumbani kwangu."

Akaondoka, sasa kwa kutazama mbele, na Agustino hakuhitaji kumshika.

Pazi aliinuka watu wakiwa wametawanyika. Alimwendea Mzee Mwinjuma.

"Mjomba."

Mzee alikuwa bado ana kuku chini ya kwapa. "Sijui, Pazi," alisema. "Hukulitaja, na hukuvuliwa. Lakini limetajwa kwa ajili yako, na nguo ilishikwa. Mwenye kusema ni dada yangu. Tutasikia asubuhi."

Usiku ule Pazi hakuingia kwake. Alilala kwenye moto wa wapagazi, karibu na karatasi za Bwana, na Agustino akajilaza mgongo kwa mgongo naye bila kusema utani hata mmoja, jambo lililomtisha Pazi kuliko mengine yote.

Asubuhi mbao zilikazwa mikanda. Kichaka kilikuwa ndani, kimelazwa, maua yake yameanza kugeuka rangi ya chai. Bwana Karatasi alitaka kuvuka mpaka Mgeta kisha arudi Morogoro kwenye reli, na alitaka kiongozi.

"Anauliza kama utakuja," alisema Mikidadi. "Anauliza, hakuamrishi."

Pazi alitazama nyumba ya mzee. Mlango ulikuwa umefungwa. Mtu aliyekataliwa na wakwe huondoka mapema, kabla watoto hawajaamka kumwona.

"Nakuja," alisema. "Nichukue panga langu."

Ndani palikuwa na giza la moshi. Pili alikuwa amekaa kitandani, na macho yake yalionyesha kwamba hakulala.

"Mjomba hajasema," alisema Pazi.

"Hajasema."

"Na mama?"

"Hajanena na mtu. Ameniambia moja tu, akiwa amenipa kisogo. Mtoto akiwa wa kike nitafute jina jingine, la kwake limekwenda na sanduku." Pili alijifuta pua kwa kiganja. "Mama alilibeba, na kabla yake bibi yake mama."

Pazi alichukua panga ukutani, akachukua blanketi alilolinunua kwa mfanyabiashara Mhindi huko mjini mwaka wa reli, akalikunja. Lilikunjika haraka mno. Nje, Mzaramo alikuwa anapigia kelele mzigo wake, na Mikidadi anaita, "Pazi! Jua hilo!"

Alikuwa ameshika kizingiti aliposikia.

Kucha. Ukuta wa nyuma. Mara moja, polepole.

Kisha hatua zikaondoka kuelekea mtoni, bila haraka, na Pili akainuka kwa shida, akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi na chungu kilichofunikwa jani la mgomba. Kilikuwa kinafuka. Alikiweka katikati ya sakafu, mbele ya mume wake, akakaa chini akalia kwa sauti.

Pazi alitundika panga.

Alitoka mlangoni akiwa amenawa mkono mmoja, tayari kula. Msafara ulikuwa tayari umepanga mstari, na Mikidadi alimwona, akaona mkono unaochuruzika maji, akaelewa. Alikuwa mtu wa lugha nyingi. Alisema kitu kwa Bwana Karatasi, na Bwana akagusa ukingo wa kofia. Wakaanza kushuka. Agustino ndiye aliyebeba zile mbao, kichwani, na alipofika kwenye kona ya migomba, mahali ambapo sauti hupiga ukuta wa bonde na kurudi, aligeuka.

"Mtani!" alipaza. "Sasa si jina la mtu tena! Liseme! Mzelu! Haya, liseme nasi tukusikie!"

Bonde likarudisha. Mikono ya Pazi ilikuwa imeshafika masikioni, mmoja mkavu, mmoja umelowa. Akaiacha hapo mpaka kichwa cha mwisho kilipozama kwenye migomba, kisha akarudi ndani kabla chakula hakijapoa.